Tenzi au bendi?

Ndugu, umeuliza kama kanisani kwenu muache nyimbo za tenzi na kuingiza bendi ili vijana wasikimbie. Mimi ningeanzia kwingine. Paulo, katika 1 Wakorintho 14:26, anataja zaburi, fundisho, ufunuo, lugha na tafsiri, kila mmoja akiwa na chake, na anataka yote yafanyike kwa kujenga. Sasa Jumapili ijayo kaa pembeni utazame midomo ya waumini. Kama wanaoimba ni wale wenye vipaza sauti tu, tatizo si kinanda wala gitaa. Punguzeni spika, anzisheni wimbo kwa sauti ambayo mtu wa kawaida anaifikia, mpeni kijana asome Neno na bibi aongoze maombi. Na matangazo, jamani, yafupisheni.