Jina lako lisiende ukutani: barua kwa mwanangu

Marahaba mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza usiku, wenzangu wakiwa wamelala, kama ulivyoniomba. Unasema unataka sehemu ya mali yako, siku Mungu akikuita, iende kwa taasisi ile iliyokufanyia upasuaji wa fistula, ule ugonjwa wa kuvujwa na mkojo baada ya uzazi mgumu. Unauliza kama inawezekana, na kama inawezekana bila watu kujua kuwa ni wewe. La kwanza nakujibu hapohapo: inawezekana, na dini haikatazi. La pili ndilo lenye mambo, na nitakaa nalo, maana katika ukarani wangu wa mahakama ya mwanzo mafaili ya mirathi nimeyashika mengi.

Kuna watakaokwambia unajisumbua, sadaka ni sadaka, jina lina nini? Usiwasikilize. Mtu akichangia msikiti jina lake likasomwa, mtaa utasema ana imani, au utasema anajionyesha, na mazungumzo yameishia hapo. Akichangia hospitali ya fistula, au kliniki ya wenye VVU, au nyumba ya kutibu waraibu, swali linalofuata ni: kwani yeye ana nini na ugonjwa ule? Ubao wa wafadhili wa hospitali ya namna hiyo watu huusoma kama orodha ya waliougua. Wewe ulipona. Mumeo anajua, mimi najua, waliokutibu wanajua. Mashemeji zako hawajui, na si haki yao kujua.

Tena sisi tumelelewa katika michango ya kusomwa. Angalia kundi la WhatsApp la harusi yoyote: jina, kiasi, alama ya tiki, na asiyetoa anajulikana kwa kutoonekana. Tumezoea hivyo mpaka afisa wa taasisi akiuliza "tukuandike vipi?" mtu anadhani hana hiari. Hiari unayo, na sasa ina sheria nyuma yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya hapa Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na miamala ya fedha ya mtu nayo imewekwa humohumo. Wewe unabeba zote mbili. Taarifa nyeti zinataka ridhaa yako ya maandishi kabla ya kuchakatwa, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu vingine. Na taarifa iliyokusanywa kwa kazi moja haitakiwi kuhamishiwa kazi nyingine kimyakimya. Namba ya simu uliyotoa ukiwa mgonjwa, umelala kitandani na mpira wa mkojo, ilikuwa ya matibabu. Haikuwa ya kuombwa mchango.

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, waulize haya bila haya: mtu wenu wa kutafuta fedha anaona faili la matibabu? Majina ya wafadhili yanatunzwa wapi, na nani ana ufunguo? Mnayagawa kwa washirika wenu wa nje? Kisha waandikie, barua yenye tarehe, kwamba hutaki jina lako, picha yako wala historia yako itumike popote, ukiwa hai au ukiwa umekufa: ubaoni, kwenye ripoti ya mwaka, wala tarehe 23 Mei, siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula, wanapohitaji sana mwanamke wa kusimama mbele ya kamera. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakiivunja ahadi, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupelekea malalamiko. Lakini taasisi yenye adabu haitakufikisha huko. Na ikianza kukuzungusha katika maswali hayo, peleka mali yako kwingine.

Ila usitegemee kwamba wao wenyewe hawatakujua. Fedha ikipita benki ina jina. Hata ukilipa kwa lipa namba, jina linatokea. Na mashirika yana Msajili wao: kanuni za mwaka 2018 ziliyataka yasiyo ya kiserikali yaweke wazi fedha yanazopokea zikizidi shilingi milioni 20 na zimetoka wapi. Kutotangazwa kunawezekana. Kutojulikana na mtu yeyote, hapana, na ukimkuta anayekuahidi hilo mkimbie.

Sasa nije kwenye wosia, ambako ndiko siri nyingi huvujia.

Wosia ukiwa ndani ya bahasha ni wako. Ukifa, unapelekwa mahakamani pamoja na maombi ya mirathi, tangazo linabandikwa, mara nyingi na gazetini linatoka, na wosia unasomwa mbele ya ukoo. Msimamizi akishateuliwa na mahakama ya mwanzo ana miezi minne kuleta orodha ya mali na madeni katika Fomu Namba 5, halafu hesabu ya mgawanyo katika Fomu Namba 6: nani kapata nini. Warithi wanaziona fomu hizo. Nilishuhudia faili moja, sitakwambia la wapi, ambamo marehemu alikuwa ameacha fedha kidogo kwa kliniki na akaandika kwa wino wake, "iliyonitunza miaka yote ya maradhi yangu". Lilisomwa kwa sauti. Kufika adhuhuri watoto wake walikuwa wanatazamwa mtaani kama wao ndio wenye maradhi. Kiasi chenyewe hakuna aliyekigombea. Kilichowatia fedheha ni yale maneno sita ambayo sheria haikumdai.

Wosia unataka kusema nini na kwa nani. Kwa nini, hautaki. Usiweke sababu, usiweke shukrani, usiweke habari ya wodi. Taasisi yako inatibu pia macho na viungo, na jina lake halitaji fistula. Bahati nzuri hiyo, itumie. Ukitaka fedha ziende kwa kina mama wa fistula tu, hilo waandikie wao katika barua ileile ya siri, walitunze kwenye kumbukumbu zao. Mahakamani lifike jina la taasisi na fungu lake.

Na jina liwe lile la kwenye cheti. Hospitali nyingi za hisani kisheria humilikiwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na jina la kwenye cheti huanza na "Wadhamini Waliosajiliwa wa", halafu ndipo lifuate lile tunalolitamka kwenye daladala. Nyingine ziko kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Waombe nakala ya cheti. Ukiandika "hospitali ya fistula" tu, unampa shemeji mwenye wakili sababu ya kusema haijulikani ni ipi, na hapo ndipo ugonjwa utatajwa mara mia katika mabishano. Ongeza mstari mmoja: taasisi hiyo ikiwa haipo tena, fungu liende kwa nyingine yenye kazi kama yake, atakayoichagua msimamizi.

Kiasi. Wewe ni Mwislamu, na mirathi yako itakwenda kwa sheria ya Kiislamu, kwa hiyo wosia wako hauvuki theluthi, na theluthi yenyewe huhesabiwa baada ya mazishi na madeni. Unaikumbuka habari ya Saad bin Abi Waqqas, swahaba wa Mtume, alipougua akataka kuusia theluthi mbili, akakatazwa, nusu, akakatazwa, akaambiwa theluthi, na theluthi ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wako wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Mimi ningeandika sehemu ya kumi. Una mtoto mdogo, mumeo ana robo yake, na mimi nikiwa hai (Mungu asinionyeshe siku hiyo) nina sudusi yangu, moja ya sita, kwa hiyo chukua ushauri huu ukijua umetoka kwa mrithi. Usitaje shilingi. Milioni tano ya leo haitakuwa milioni tano ya siku hiyo. Taja sehemu, ili mali ikipungua na wao wapungukiwe kama wengine. Wala usiwape kiwanja cha Pongwe. Hospitali haina kazi na robo eka iliyopakana na mashamba ya ukoo. Kiuzwe na msimamizi, wapewe fungu lao.

Hapa ndipo nisipokubaliana na ujumbe wako. Umesema unataka kuuandika peke yako, uufungie kabatini, uonekane ukishafariki. Hapana, mwanangu. Wosia usiojulikana ulipo ni sawa na usioandikwa, na ukionekana wiki ya tatu baada ya arobaini, ukiipa hospitali fedha, wa kwanza kushukiwa ni hospitali yenyewe: walimlaghai, walimpata akiwa dhaifu. Watu watakwambia mficha uchi hazai, ili uwaeleze kila kitu. Methali hiyo ni ya kwa mkunga. Haikusema mtu akajifungulie barazani. Wanaotakiwa kuuona wosia ni wachache na unawachagua mwenyewe: mashahidi wawili waadilifu wasiokuwa na fungu ndani yake, nao wanashuhudia saini yako na akili yako timamu, na mtekelezaji, ambaye ningependa awe mjomba wako, kwa kuwa amestaafu, hana deni kwa mtu, na sijawahi kumsikia akisimulia habari ya nyumba ya mwenziwe. Yeye mwambie kuna fungu la taasisi na barua iko wapi. Sababu akiiuliza, mwambie ni sadaka. Hataiuliza mara ya pili.

Mumeo ajue. Huyu ndiye atakayesimama msibani kusema "alinieleza", na neno lake litazima maneno ya nduguze kuliko muhuri wowote. Usimwachie akaja kushtukia mbele ya watu.

Pa kuuhifadhi, RITA wanaandika wosia na kuutunza pia, na ofisi ziko mikoani. Mimi ndio ningewaamini zaidi ya kabati. Wosia unaweza kuubadilisha au kuufuta muda wowote ukiwa na akili zako, kwa hiyo usiogope kuanza. Wakfu, yaani mali uliyoitenga moja kwa moja kwa ajili ya kheri, ni jambo jingine, hauna kurudi, na kwa umri wako sikushauri.

Halafu kuna njia nyepesi kuliko zote, ambayo hukuiuliza. Toa sasa. Unachokitoa kwa mkono wako ukiwa mzima, ukakikabidhi, hakisubiri kifo wala Fomu Namba 6, na hakisomwi mbele ya ukoo. Mama aliyepelekwa pale bila nauli, hata huduma ikiwa bure, bado anakula, bado ana mtu aliyemsindikiza analala mahali. Elfu hamsini kwa mwezi inayotoka kwenye akaunti yako mwenyewe na kuingia kwao ukishawapa ile barua ya kutotangazwa itafanya kazi miaka mingi kabla ya wosia kufunguliwa. Mwenyezi Mungu amesema tukizidhihirisha sadaka ni vizuri, na tukizificha tukawapa mafukara ni bora kwetu; iko katika Al-Baqara, aya ya 271. Nimekuwekea alama katika msahafu wa babu yako.

Ukija Idd, njoo na hati ya kiwanja, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa na orodha ya madeni yako yote, hata yale ya kikoba. Usimtangulizie mjomba wako habari kwa simu, anaiweka kwenye spika. Nitamwita mwenyewe chakula cha mchana, na mumeo awepo.

Mama yako