Hendibreki ya mkono, ya mguu au ya kitufe?

Mkuu, kwa milima ya Mbeya na gari la mtumba la otomatiki, zote tatu zinashika zikiwa nzima. Ya mkono na ya mguu ni ndugu: kwa kawaida zote huvuta waya hadi breki za nyuma, na fundi yeyote wa mtaani anaukaza. Ila ya mkono unaweza kuivuta kidogo kidogo breki kuu zikigoma. Ya mguu ni ngumu kuipima hivyo.

Ya kitufe ni tamu, lakini hutumia mota. Betri ikifa hendibreki ikiwa imefungwa, gari halisogei kirahisi. Kubadili pedi za nyuma kwa kawaida huhitaji mashine ya kupimia gari; fundi akilazimisha pistoni kurudi, mota inaweza kufa, na hapo utalia bei. Kama huna fundi wa umeme karibu, mimi ningechukua ya mkono.

Kabla hujalipa, jaribu mlimani, pasiwe na mtu wala gari chini yako: weka nyutro, funga hendibreki, achia pedali ya breki kuu taratibu huku mguu ukiwa tayari. Likiteleza, au taa ya breki kwenye dashibodi isipozimika ukishaifungua hendibreki, usilichukue mpaka fundi wa breki alikague.