Kutembea peke yake kunatosha?

Ndugu, unasema unatembea nusu saa kila siku na unauliza kama bado unahitaji mazoezi mengine. Kwa moyo na mapafu uko vizuri, mradi uende kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, nawe umezipita. Ila mikono na mgongo haviambulii kitu hapo. Ongeza siku 2 za mazoezi ya nguvu: pushapu za ukutani, kisha chuchumaa na kuinuka taratibu bila kushika chochote (mapaja yatakuambia). Magoti yakisumbua, ogelea. Maji hubeba uzito wako. Vyuma vya jimu achana navyo kwanza.