Panya darini msimu wa baridi: ziba kabla ya kuua

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, naishi Njombe mjini, nyumba ya matofali ya kuchoma, bati la migongo na dari la jipsam. Kila mwaka ikifika Juni panya wanahamia darini, usiku kucha ni mbio. Mwaka jana nilinunua sumu kwa mchuuzi; wakafia juu, nyumba ikanuka wiki nzima, na paka wa jirani naye akafa. Mahindi yangu nimeyaweka stoo, ndani ya nyumba hiyohiyo. Nifanye nini safari hii? Na ni kweli kwamba panya wakija, nyoka anawafuata?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wengi huko Nyanda za Juu Kusini huilaumu baridi, na kweli baridi ya Julai ya Njombe si ya mchezo. Lakini kinachowavuta zaidi ni mahindi. Kipupwe chenu ndicho msimu wa mavuno: shamba linabaki tupu, mabua yanachomwa au yanaliwa na ng'ombe, na chakula kilichokuwa kimetawanyika ekari nzima sasa kimo ndani ya chumba kimoja kikavu chenye joto. Wewe ungekuwa panya ungeenda wapi?

Huyo wa darini, kwa mbio unazozieleza, nadhani ni panya wa paa, *Rattus rattus*, mpandaji hodari asiyehitaji kugusa ardhi kama kuna tawi linalofika kwenye bati. Ukimwua leo na njia ikabaki wazi, mwenzake atakuja kesho. Kwa hiyo fedha ya sumu mpe kwanza fundi mwashi.

Kabla fundi hajafika, itafute njia mwenyewe. Panda darini saa saba mchana jua likiwa kali, uzime tochi, utulie mpaka macho yazoee giza. Panapoingia mwanga ndipo anapoingia panya. Kisha washa tochi uangalie kenchi na kingo za ukuta: panya hupita njia ileile kila siku, na mafuta ya manyoya yake huacha alama nyeusi. Panya mdogo kabisa wa nyumbani hupenya tundu la milimita 6, yaani unene wa penseli. Huyu mkubwa anahitaji upana wa kidole gumba tu.

Kwenye nyumba kama yako, mkosaji huwa ni mmoja, na ananiudhi kila ninapomkuta. Pale bati linapolala juu ya ukuta, kila mgongo wa bati unaacha tundu la nusu mwezi, safu nzima kutoka kona hadi kona. Fundi akishapiga fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) kwa nje anaona kazi imekwisha, kumbe nyuma yake kuna milango thelathini. Matundu hayo yajazwe saruji, au yafunikwe kwa wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6. Wavu wa kuku haufai, macho yake ni makubwa. Matambara na magazeti ndiyo kabisa, hayo unawapelekea matandiko. Povu la kunyunyiza nalo hutafunwa. Penye bomba au waya wa umeme, shindilia stilwaya ya kusugulia sufuria kwanza, ndipo upige saruji juu yake.

Hapa naomba unisikilize sana. Matundu ya hewa usiyazibe kwa saruji, hata baridi ikuume vipi. Wewe na mimi tunajua watu hulala na jiko la mkaa chumbani kipindi hicho, na hewa ya mkaa huua bila harufu. Weka wavu, hewa ipite, na jiko libaki nje.

Usizibe kila kitu siku moja huku panya wakiwa ndani; utakuwa umewafungia, watatoboa jipsam washukie sebuleni. Ziba matundu yote ubakize njia yao kuu, kisha tega. Panya wa paa huogopa kitu kigeni, kwa hiyo iweke mitego ya kubana darini siku tatu au nne ikiwa na chambo lakini haijategwa. Wakishazoea kula, itege yote usiku mmoja. Iwe mingi, kumi na zaidi, ubavuni mwa ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Chambo kisiwe mahindi, hayo wanayo tele. Dagaa mkavu au karanga ya kusaga humvuta zaidi. Mbio zikikoma wiki nzima, ziba ile njia ya mwisho.

Sumu ile ya mchuuzi, kama ni zile punje nyeusi zisizo na jina, usiinunue tena. Hujui ni nini, na pengine ni dawa kali ya wadudu wa shambani. Hata sumu halali ina shida zake. Ya zinki fosfaidi hutoa gesi ndani ya tumbo na haina dawa ya kuipinga. Zile za kuzuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, panya keshafika asikofikika, na paka au bundi akimla anadhurika naye. Darini sumu haina nafasi. Ikibidi, iwekwe nje ndani ya boksi lililofungwa, na mtu mwenye leseni.

Tauni iliyoibuka Lushoto mwaka 1980 ilituachia funzo jingine: panya akifa, viroboto wake huhama kutafuta damu nyingine. Maeneo yenye historia hiyo, viroboto hupigwa dawa kwanza, panya baadaye. Na popote ulipo, kinyesi cha panya usikifagie kikavu. Kinyunyizie maji yenye jiki, subiri dakika kumi, kifute ukiwa na glavu na barakoa.

Mahindi yahamishe kama unaweza. Kihenge cha chuma ndicho panya hawezi kukitoboa. Mifuko ya PICS, ile ya matabaka isiyopitisha hewa, huua dumuzi vizuri sana, lakini panya huitafuna kama mfuko wowote. Ukikosa kihenge, panga magunia juu ya kichanja, mbali na ukuta kiasi cha kupita mtu, ili uone chini na nyuma yake.

Paka? Utafiti uliofanyika Eswatini na kuchapishwa 2017 uligundua kwamba paka peke yake hakupunguza panya wanaozurura nyumbani, wala mbwa peke yake. Walipokuwepo wote wawili ndipo panya walipungua. Fuga ukipenda, ila usimwachie kazi ya fundi.

Na nyoka, ndiyo, hufuata panya. Wakati wa baridi huwa mzito, hujibanza palipo na joto na giza, na lundo la kuni lililoegemea ukuta wa jiko ni makao mazuri kwake. Sogeza kuni mita kadhaa kutoka nyumbani, ziinue kwenye mawe, na usichomeke mkono usipoona. Chini ya mlango wa jikoni pigilia kipande cha bati kinachokaribia sakafu. Mpira wa kuziba chini ya mlango unaouzwa madukani panya huutafuna, na atakapopita yeye nyoka atapita vilevile.