Roshani iliyozibwa na boti: jibu kwa dada wa Chake anayemtafutia mama yake kabini

Waalaykumu salaam dada yangu. Umeuliza kama mumchukulie mama kabini yenye roshani ambayo wenye meli wenyewe wameandika kuwa mandhari yake yamezibwa kiasi, au muongeze pesa mupate roshani iliyo wazi, au mushuke kwenye kabini ya dirisha tu. Safari yenu ni ile ya meli ya kitalii, kutoka Dubai kwenda Muscat na kurudi. Mie na mke wangu tumeipanda njia hiyo mara mbili, kwa pesa ya mtoto wetu anayefanya kazi kule, na mara ya kwanza tulilazwa nyuma ya boti ya uokozi bila ya kuambiwa. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona.

Wakala wetu alitwambia "roshani", basi, hakuongeza neno. Tulipovuta pazia tukakuta paa la boti, rangi ya chungwa, karibu kiasi cha kusoma idadi ya watu iliyoandikwa ubavuni: 150. Mke wangu akakaa kwenye kiti, akainuka, akakaa tena. Akisimama anaiona bahari. Akikaa anaona paa, na juu ya paa kijistari chembamba cha maji. Hakulalamika, lakini chai ya asubuhi aliinywa amesimama siku zote tulizokuwa baharini. Mie hilo liliniuma, kwa sababu mtu mzima anataka roshani ili akae.

Kwa hiyo jambo la kwanza, mpimieni mama akiwa ameketi. Pale mbingu na bahari zinapokutana, mstari ule huonekana usawa wa macho ya anayetazama, awe juu sana au chini. Ikiwa paa la boti liko chini ya macho ya mama akiwa kitini, basi bahari ya mbali ataiona yote, atakosa tu maji yaliyo karibu na ubavu wa meli. Likipanda juu ya macho yake, bahari imekwenda, atabaki na mbingu. Tofauti baina ya hali hizo mbili huwa ni sitaha moja tu, yaani ghorofa moja ya meli, na kwenye orodha ya bei zote mbili huandikwa maneno yale yale: "imezibwa kiasi". Ndiyo maana maneno hayo peke yake hayatoshi kuamulia.

Tena si boti peke yake inayoziba. Kuna mikono ya chuma inayoshikilia boti, minene kama nguzo za msikiti. Ukiangukia nyuma ya mkono mmoja unaona kushoto na kulia, katikati nguzo. Hiyo mie naihesabu nafuu, unasogeza kiti unapata bahari. Kuna roshani za karibu na omo, yaani mbele ya meli, ambazo ule ubawa wa chumba cha nahodha, unaotokeza nje ya meli, huzikata mbele. Na kuna zile ambazo ukingo wake ni bati zima badala ya kioo. Hizi wengine hawaziandiki kabisa kuwa zimezibwa, na kwa mtu mfupi aliyekaa ni ukuta.

Namna ya kujua kabla ya kulipa: tafuteni ramani ya sitaha za meli hiyo hiyo, kwa jina lake, si ya meli nyengine ya kampuni ile. Khalafu tafuteni picha yake iliyopigwa kutoka ubavuni, bandarini, iwe kubwa na safi. Kwenye ramani hesabuni kabini kutoka omo mpaka namba yenu, kisha hesabuni roshani vile vile kwenye picha. Mtaona kwa macho yenu kama mumeangukia katikati ya boti, kwenye mkono wa chuma, au kwenye mwanya baina ya boti mbili. Ule mwanya ni bahati kubwa. Bei ni ya roshani iliyozibwa, lakini ukitazama mbele unaona bahari tupu. Safari ya pili niliichagua hivyo, nikakaa jioni nzima na simu na karatasi, na mke wangu akanywa chai amekaa.

Na kama una mtu huku Unguja, mwambie meli ya kitalii ikija asimame Forodhani aitazame vizuri. Atauona ule msururu wa boti kiunoni mwa meli, na roshani zilizo juu yake mara moja. Akishaiona meli moja kwa macho, ramani zote atazielewa.

Upande wa kulia au wa kushoto usiwaumize kichwa sana. Mukitoka Dubai, mukazunguka rasi ya Musandam na kuteremka Muscat, pwani iko kuliani. Mukirudi iko kushotoni. Sehemu kubwa ya njia lakini meli hukata usiku. Cha kumuamsha mama ni kuingia Mutrah, bandari ya Muscat, asubuhi: milima mikavu ya rangi ya kahawia, nyumba nyeupe chini yake, ngome juu ya jabali, na ule mnara wa Riyam wenye umbo la chetezo kikubwa. Hapo musikae kabini hata kama roshani yenu iko wazi, mpandisheni sitaha ya juu aone pande zote. Sisi ndugu zetu walitupokea gatini kwa Kiswahili chetu hiki hiki, na mke wangu alilia.

Sasa bahari yenyewe. Umesema mama hutapika akivuka na boti ya Mkoani, khasa kwenye mkondo wa Nungwi. Basi hili lipewe uzito kuliko mandhari. Meli huyumba zaidi juu, na huyumba zaidi omo na tezi, yaani nyuma. Katikati na chini ndiko kwenye utulivu. Na boti za uokozi kwa kawaida zimepangwa huko huko katikati, kwenye meli nyingi za sasa tena sitaha za chini, kwa hiyo kabini iliyozibwa mara nyingi iko mahali patulivu kuliko roshani ya wazi iliyo juu kabisa ambayo watu huigombania. Kwa mama yako, mie ningeitazama hiyo kwa jicho zuri.

Lakini kuna jambo ambalo mawakala hawalisemi, na kwa wanawake wetu ni kubwa. Mabaharia huingia ndani ya boti zile, huzipanda juu, huzikagua, huzipaka rangi. Asubuhi moja mke wangu alitoka roshani bila ya mtandio, akakutana macho kwa macho na kijana aliyekuwa juu ya paa na ndoo yake. Kijana aliinamisha kichwa haraka, mwenye adabu, ila mke wangu hakutoka tena bila ya kujifunika. Na meli ikitia nanga nje badala ya kufunga gatini, baadhi ya boti hushushwa kupeleka abiria ufukweni. Mandhari yanafunguka, lakini winchi zinaanza kunguruma mapema na wewe umelala.

Kuhusu boti zenyewe nina neno langu. Wazungu wakiandika juu ya kabini hizi huziita boti "kizuizi" tu. Sisi watu wa visiwa hivi, baada ya usiku ule wa kuamkia 10 Septemba 2011 ilipozama meli ya Spice Islander pale Nungwi, hatuwezi kuitazama boti ya uokozi hivyo. Usiku wa kwanza, mke wangu kalala, mie nilikaa roshani nikaitazama ile boti muda mrefu, kamba zake, ndoano zake, mlango wake mdogo wa ubavuni. Nilikuwa nimeudhika na wakala, na bado nadhani alitudhulumu kwa kunyamaza, lakini na boti sikuwa na ugomvi.

Kwa hiyo mkifika, zoezi la usalama msilikose hata mama akisema amechoka. Sheria ya kimataifa tangu Januari 2015 inataka abiria wapya wafanyishwe zoezi kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Ilikazwa hivyo baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kupinduka Italia Januari 2012 na watu 32 kufa, kwa sababu abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi. Na boti iliyo mbele ya roshani yenu si lazima iwe ndiyo yenu. Ulizeni kituo chenu cha kukusanyikia, mtembezeni mama kwa miguu kutoka kabini mpaka pale, kwa ngazi, si kwa lifti.

Bei: wekeni tatu pamoja, dirisha, roshani iliyozibwa, roshani ya wazi. Kama iliyozibwa imekaribiana na dirisha, chukueni hiyo, maana mama atapata upepo, na dirisha la meli halifunguki. Kama imekaribiana na ya wazi, ongezeni hicho kidogo mupate ya wazi, lakini ya katikati. Na ile bei ya chini kabisa ambayo kampuni ndiyo inayokuchagulieni namba baadaye, kwa mtu anayetapika msiichukue, hamjui mtatupwa omo au tezi.

Nitumie jina la meli na namba ya kabini mliyopewa. Nikitoka Isha nitaihesabu kwenye picha, na kesho asubuhi nitakwambia mama atakachokiona akiwa amekaa kitini.