Barua kwa mwanangu: kuhusu mayowe ya Pharoah Sanders

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika salama. Mama yako anasema lile koti alilokushonea ulivae, si la kuweka sandukuni.

Sasa nikujibu uliloniuliza. Umesema rafiki yako amekupa mkusanyo wa rekodi za Pharoah Sanders, yule mpuliza saksafoni wa jazi wa Marekani, tangu ujana wake New York hadi ile kazi ya 2021, nawe umeusikiliza kwa kufuata miaka. Mwanzoni umekuta mayowe ambayo hukuweza kuyavumilia. Mwishoni umekuta mzee anayepuliza taratibu hadi unaisikia pumzi yake, na machozi yakakutoka. Ndipo ukaniuliza: "Baba, huyu mtu alibadilika au alichoka? Na wewe uliyepuliza saksafoni miaka yote ile, zile kelele za mwanzo unazionaje?"

Hakuchoka, mwanangu. Kwangu mimi hata kubadilika hakubadilika sana. Mkusanyo wako ndio unaomfanya aonekane watu wawili, kwa sababu umemkata vipande. Mwenyewe umeniandikia kwamba "The Creator Has a Master Plan" uliyonayo ni ya dakika nane. Ile ninayoijua mimi, ya albamu ya Karma ya 1969, inapita dakika 32. Upande mmoja wa santuri haukutosha. Iligawanywa, usikilize upande wa kwanza mpaka uishe, uinuke ugeuze, ndipo uendelee. Mtu akiondoa dakika 24 katika kitu cha namna hiyo, kinachosalia ni wimbo mtamu na yowe ambalo hujui limetoka wapi.

Ukiisikiliza nzima utaelewa. Inafunguka kwa kishindo, kisha besi inashika mstari mfupi na kuurudia, inaurudia, kengele na filimbi zinaingia, Sanders anapuliza kwa upole kabisa. Leon Thomas anaimba kwamba Muumba ana mpango wake, na mpango huo ni amani kwa kila mtu. Anayaimba maneno hayohayo, halafu maneno yanamwishia, anabaki anaitikisa sauti kooni bila neno lolote. Hapo ndipo mambo yanapanda. Dramu zinachafuka, piano ya Lonnie Liston Smith inafurika, na Sanders anapiga lile yowe. Kisha, polepole, ule mstari wa besi unarudi na wimbo unarudi nao. Aliyekaa tangu mwanzo anajua kwamba yowe limekuja pale maneno yalipokwisha. Waliokata wakabakiza dakika nane wamekunyima hilo.

Umeuliza naonaje zile kelele. Nakujibu kama mpulizaji. Sauti moja ya saksafoni ina sauti nyingine zilizojificha ndani yake, moja juu ya nyingine. Mafunzo ya kawaida ni kuzibana zile za juu ili ya chini isikike safi. Sisi kwenye bendi tulilelewa hivyo: safi, pamoja na tarumbeta, ingia, toka, mwachie mpiga gitaa nafasi yake. Sanders alizifungulia mlango. Alikaza midomo kwenye ridi, kile kijiti bapa cha mdomoni mwa saksafoni, akalibadili koo, akashika vitufe kwa namna isiyofundishwa vitabuni, na sauti mbili tatu zikatoka kwa pumzi moja. Nilijaribu ujanani. Kuitoa sauti ile mara moja, kwa bahati, si kitu. Kazi ni kuitoa pale unapoitaka, kuishikilia, kuikunja, kisha kushuka kutoka huko juu hadi kwenye sauti laini bila kuipasua. Yeye aliyafanya hayo yote. Na wewe umekulia pwani, umeusikia ukali wa zumari kwenye ngoma tangu ungali mgongoni, na hukuwahi kuuita kelele kwa sababu ulijua umeitwa kwenye nini.

Basi ujue na huyu alikuwa akiita nini. Alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwezi Oktoba 1940, jina lake Ferrell Sanders. Muziki aliuanzia kanisani, akisindikiza nyimbo za ibada kwa klarineti. Ni mji uleule ambao mwaka 1957 Rais wa Marekani alilazimika kupeleka askari ili wanafunzi tisa Weusi waingie shule ya sekondari ya Central. Sanders wakati huo hajatimiza miaka 17. Baadaye alikwenda Oakland, California, na mwanzoni mwa miaka ya 60 akaingia New York bila chochote. Alilala popote, akauza damu yake apate hela ya kula. Sun Ra, kiongozi wa bendi ya jazi, ndiye aliyempokea na kumpa pa kukaa, na jina la Pharoah likamshika tangu siku hizo.

Kisha ukaja mwaka 1965. John Coltrane, mpuliza saksafoni mashuhuri, alikuwa amekwisha kutoa albamu ya A Love Supreme, anasifiwa kila mahali, angeweza kuirudia albamu ile maisha yake yote na watu wakanunua. Badala yake akamchukua huyu kijana asiye na makao akamsimamisha kando yake. Juni 28 mwaka huo walirekodi Ascension, wanamuziki 11 studioni, saksafoni tatu za aina ya tenor: Coltrane, Sanders na Archie Shepp. Haikupita muda mrefu McCoy Tyner akaiacha piano ya Coltrane, na Elvin Jones naye akaondoka kwenye dramu. Wasikilizaji wengi walisema Coltrane ameharibiwa na kijana. Mimi sikubali hata kidogo. Coltrane alikuwa fundi anayejua kila kona ya chombo chake, na aliposikia kwa Sanders kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa akikitafuta, alikaa karibu nacho hadi alipofariki Julai 1967, akiwa na miaka 40 tu. Fundi wa kiwango kile hapotezi miaka yake ya mwisho kwa makelele.

Lakini turudi kwa Sanders, kwa sababu hoja yangu kubwa ipo hapa. Tafuta Tauhid, aliyoirekodi Novemba 1966 kwa kampuni ya Impulse!, siku zilezile za mayowe kando ya Coltrane. Wimbo wa kwanza, "Upper Egypt & Lower Egypt", una zaidi ya dakika 16, na saksafoni yake huisikii mpaka zaidi ya dakika 10 zimepita. Kijana wa miaka 26, albamu yake ya kwanza kwa kampuni kubwa, jina lake juu ya jalada, na anawaachia wenzake wajenge nyumba nzima ndipo aingie. Mtu mwenye hasira hawezi kungoja hivyo. Sasa nenda Promises, ya 2021, aliyofanya na Floating Points, mwanamuziki kijana wa Kiingereza, pamoja na London Symphony Orchestra. Kipande kifupi cha noti chache kinarudiwa kwa karibu dakika 46 nzima, na mzee wa karibu miaka 80 anaingia, ananyamaza, anangoja, anaingia tena. Katika sehemu ya nne anaiweka saksafoni kando na kutoa sauti kwa kinywa chake mwenyewe. Zaidi ya miaka 50 kati ya rekodi hizi mbili, na subira ni ileile. Mkusanyo uliokatwa kwanza huiondoa ile subira, maana ndiyo inayochukua dakika.

Nenda pia kwenye albamu ya 1970, nayo nakuomba uisikilize ukiwa peke yako. Imeitwa kwa maneno matatu ambayo wewe uliyesoma msahafu utayatambua mara moja, Summun Bukmun Umyun, aya ya 18 ya Suratul Baqara: viziwi, mabubu, vipofu. Ina vipande viwili tu, upande mmoja kimoja. Upande wa kwanza ni wa maneno hayo ya Qurani, ngoma tele na pembe zinazojibizana. Geuza upande wa pili unakuta wimbo wa kanisani, kuingia nyumba ya Bwana, na besi ya Cecil McBee ikivutwa kwa upinde hadi unahisi mbao zake zinatetemeka. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amerekodi nyingine inayorudia Hum-Allah, Hum-Allah, kwa namna ambayo mtu wa kwetu aliyewahi kukaa kwenye zikri hahitaji kuelezwa. Na mwaka 1985 ikatoka albamu aliyoiita kwa Kiswahili, Shukuru. Ukiyaweka haya pamoja, sidhani utaniuliza tena kama yowe lile lilikuwa ghadhabu. Alikuwa anaomba, na mwenye kuomba mara nyingine hupaza sauti.

Miaka ya kati nitaipita haraka kidogo. Albamu ya 1978 yenye waimbaji na mapambo ya redio sikuipenda na siipendi. Isikilize ukipata nafasi. Ya 1977 ndiyo ya kukaa nayo. Aliirekodi kwa kampuni ndogo sana, India Navigation, na upande wa kwanza wote ni "Harvest Time": gitaa la Tisziji Muñoz linakwenda na kurudi kwenye kodi mbili, yaani mafungu mawili ya noti, mkewe Bedria anapiga hamoniumu, na Sanders hana haraka yoyote. Kwa miaka mingi albamu ile ilikuwa vigumu kuipata, hadi ilipotolewa upya mwaka 2023, yeye amekwisha kufariki Septemba 2022 akiwa na miaka 81.

Halafu 1980, Journey to the One. Hii ndiyo inayomaliza mjadala wa kuchoka. Katika "You've Got to Have Freedom" anaingia na yowe juu kabisa ya saksafoni, kali kama lolote la 1966, ila chini yake piano ya John Hicks na dramu za Idris Muhammad zinakimbia kwa furaha, na mguu wako unacheza kabla hujajua. Kwenye albamu hiyohiyo wapo yeye na mpiga piano, wawili tu, wakipiga "After the Rain" ya Coltrane, laini kiasi kwamba unaogopa kukohoa. Yowe na upole, albamu moja, mtu mmoja, miaka 14 baada ya Tauhid. Mwaka 1994 alikwenda Essaouira, Morocco, akarekodi na Mahmoud Ghania na wenzake wa Gnawa, watu ambao muziki wao ni wa kukesha na kuponya wagonjwa. Alikuwa na miaka 53 na alipuliza kwa nguvu zake zote, kwa sababu pale ndipo nguvu zilipohitajika.

Kwa hiyo usiutupe mkusanyo wa rafiki yako, umekufikisha mlangoni. Lakini acha kuufuata kwa miaka. Anza na ule upande wa pili wa 1970, wimbo wa nyumba ya Bwana. Usiku mwingine chukua Karma nzima, simu iweke mbali, na usiguse kitu mpaka dakika 32 ziishe. Kisha Tauhid, kisha "Harvest Time". Ascension iache ya mwisho. Ukiilazimisha sasa utaichukia bure, na ni rekodi ninayoipenda mno kukuona ukiichukia.

Ukimaliza Karma niandikie ni dakika ya ngapi ulitaka kuzima, nami nitakuambia yangu ilikuwa ipi. Na salamu kwa huyo rafiki yako. Mwambie baba yako anauliza kama ana santuri yoyote ya Leon Thomas.

Wako,
Baba