Chai juu ya sahani: mume wangu hadhuriki, mimi naishiwa damu

Nimekulia Tanga, na kwetu sahani zilikuwa hazijaondolewa mkekani, birika la chai ya rangi limeshafika. Tabia hiyo nikaenda nayo hadi kwa mume wangu, tukaongeza kahawa chungu baada ya chakula cha usiku. Yeye akimaliza vikombe viwili anakoroma hata taa sijazima. Mimi nilikuwa nakesha.

Mimba ya kwanza ndiyo iliyonifumbua macho. Kliniki walipima damu wakakuta 9, wakati mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Nikashangaa, maana fefo, vile vidonge vya kuongeza damu, nilikuwa nameza kila siku bila kukosa. Nesi mmoja mtu mzima akaniuliza, "Mwanangu, unazimeza na nini?" Nikamwambia na chai, maji yananitia kichefuchefu. Akakishika kidonge kati ya vidole viwili, akanionyesha: "Basi chai ndiyo inayokula dawa yako."

Ule ukakasi unaousikia ulimini ukinywa chai iliyokolea majani ni tanini. Ikikutana tumboni na madini ya chuma ya maharage au matembele, inayashika, yanapita bila kuingia kwenye damu. Kwa mlo wa nafaka na mboga, chai nzito inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma. Kahawa nayo inazuia, ila kidogo kuliko chai. Chuma cha nyama na samaki hakiguswi sana, lakini ni wangapi wetu tunakula nyama kila siku?

Mume wangu alikula maharage yaleyale, akanywa chai ileile, na damu yake ilikuwa nzuri. Mwanamume anahitaji takriban miligramu 8 za chuma kwa siku. Mwanamke anayepata hedhi 18, mjamzito 27. Yeye ana akiba, sisi tunamwaga kila mwezi.

Usingizi nao una sababu yake. Ini ndilo linalovunja kafeini, kile kichangamshi cha chai na kahawa, na kwa watu wazima wengi nusu yake huisha kwa saa 5 hivi. Vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo nilivitumia kabla ya ile mimba, hurefusha muda huo karibu mara mbili, na mimba ikiwa kubwa unaweza kufika saa 15. Kikombe changu cha saa 2 usiku, nusu yake ilikuwa bado imo mwilini adhana ya alfajiri ikilia.

Wanaume wa kijiweni husema kahawa inayeyusha kitambi. Kafeini huchochea mwili uunguze nishati, ni kweli, lakini ni kidogo mno, haishindi hata kashata mbili. Na mwenye kisukari awe mwangalifu: kafeini pamoja na wali inaweza kuipandisha sukari zaidi ya wali peke yake.

Miraa ndiyo naiogopa hasa. Shemeji yangu wa Mombasa, dereva, huitafuna baada ya kula usiku. Katinoni, kichangamshi kilichomo ndani yake, huua njaa na kukifanya chakula kikae tumboni, asubuhi hatamani hata chapati. Anayenyonyesha asiiguse kabisa.

Siku hizi tunakula saa 7 mchana, birika linapanda jikoni saa 10. Kahawa ya usiku nimemwachia mwenyewe. Na dada yangu mjamzito, kama maji yanakushinda kama yalivyonishinda mimi, kamulia limao humo, au meza fefo na juisi ya chungwa: inasaidia chuma kiingie.